Gari la umeme likichupa lenyewe: ni mguu, ni mashine au ni jini?

Msomaji mpenzi, hebu jiweke katika hali hii. Ni Jumapili asubuhi, uko nyumbani Junda. Ami yako amekuja kuwajulia hali na gari lake jipya la umeme, lililoshushwa bandarini majuzi kutoka Japani. Mbaazi na mahamri zimeliwa, soga zimekwisha, na sasa anataka kuligeuza gari katika kile kichochoro chenu chembamba, ukuta upande huu na kibanda cha mama mboga upande ule. Watoto wamejipanga kutazama, maana gari lisilonguruma ni tamasha. Ami anarudi nyuma polepole, anapeleka mguu kwenye breki, na gari, badala ya kusimama, linachupa kama jiwe lililotoka kwenye manati. Kibanda chini! Kwa rehema za Mungu watoto wameruka kando. Ami anatoka akitetemeka, na neno lake la kwanza ni hili: "Wallahi nilikanyaga breki!"

Sasa geuza picha. Ni Jumatatu, saa moja asubuhi, magari yamebanana kuelekea kisiwani. Gari lilelile liko juu ya Daraja la Nyali. Mara taa ndogo yenye umbo la kobe inawaka mbele ya ami, na gari linaanza kujikokota. Anakanyaga mpaka chini, wapi! Nyuma yake matatu zinapiga honi, na makanga wanamtolea maneno yasiyoandikika gazetini.

Mifano hiyo miwili ni ya kubuni, lakini mambo yenyewe si ya kubuni. Yamewafika watu Marekani, Japani na Uchina. Kwa kuwa magari na pikipiki za umeme sasa ziko mjini kwetu, ni heri tuyajue mapema. Je, gari likichupa au likizima, kosa ni la nani?

Mgeni amekwisha kupiga hodi

Usidhani habari hizi ni za wazungu. Tarehe 1 Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme papa hapa Mombasa, na pikipiki za umeme zikaanza kuonekana katika mabarabara yetu. Mwaka huohuo halmashauri ya kawi, EPRA, ilianzisha ada maalumu ya stima ya kuchajia magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo mahitaji ya stima ni machache. Mwenye kulipia petroli kila siku akisikia hayo, masikio lazima yamsimame.

Aidha, magari mengi tununuayo yametumika kwanza Japani, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Magari ya umeme kama Nissan Leaf yamekwisha kuingia katika orodha hiyo. Kwa hiyo familia nyingi zitakutana na gari la umeme likiwa mtumba, betri imezeeka, na kitabu cha maelezo kimeandikwa Kijapani.

"Mafuta" yasiyo mafuta

Sisi tumezoea kusema "kanyaga mafuta". Katika gari la umeme hakuna mafuta ya kukanyaga. Pedali ile haina waya unaovuta kitu. Chini yake mna vihisio viwili vinavyoiarifu kompyuta jinsi ulivyokanyaga, nayo kompyuta huamuru mota ipewe umeme kiasi gani. Kwa nini viwili? Ni kama mashahidi wawili mahakamani. Maneno yao yakipingana, kompyuta huacha kuamini na kupunguza nguvu. Kwa hiyo mara nyingi kihisio kikiharibika, gari hulegea badala ya kuchupa.

Lakini kuna jambo moja la kuzingatia sana. Injini ya petroli hunguruma kwanza ndipo ikaenda, na mngurumo ule humzindua dereva aliyekosea pedali. Mota ya umeme hutoa nguvu zake papo hapo, kutoka kusimama, bila kelele. Kosa la mguu ambalo katika gari la zamani lingekuwa hatua moja, hapa huwa hatua tano kabla hujapepesa jicho.

Dunia imekwisha kuyaona

Kisa cha magari kuchupa kilianza zamani, kabla ya magari ya umeme kuenea. Miaka ya 1980 Wamarekani walilalamikia gari la Audi 5000 kwamba linaruka lenyewe. Serikali yao ilichunguza, na mwaka wa 1989 ikatoa ripoti kwamba visa vingi vilitokana na madereva kukanyaga pedali isiyo yao. Kutokana na mkasa ule ulienea mtindo wa kuifunga gia, na ndiyo maana leo gari la gia za otomatiki halitoki kwenye herufi P mpaka ukanyage breki.

Tarehe 19 Aprili 2019, katika mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 aligonga watu kwa gari la Prius, lile litumialo petroli na umeme pamoja. Mama mmoja na bintiye mdogo walifariki. Mzee alishikilia kwamba gari lilikuwa na hitilafu. Mahakama ilikataa maneno yake, ikaona kwamba alikanyaga pedali ya kuongeza mwendo akidhani ni breki, na Septemba 2021 akafungwa miaka mitano. Mzee yule huenda hakukusudia kusema uongo. Mtu aliyekosea pedali huamini kwa dhati kwamba yuko kwenye breki, na kadiri gari linavyokwenda ndivyo anavyozidi kukandamiza. Hapo ndipo penye hatari.

Magari ya umeme ya Tesla nayo yalishtakiwa hivyohivyo. Januari 2021 idara ya usalama barabarani ya Marekani ilisema haikuona hitilafu ya mashine. Kumbukumbu za magari yenyewe zilionyesha miguu iliyokosea pedali.

Basi, je, dereva ndiye mwenye makosa siku zote? La hasha! Mtengenezaji naye si malaika. Kati ya 2009 na 2010 kampuni ya Toyota iliyaita mamilioni ya magari yarudishwe, kwa sababu zulia la miguuni liliweza kunasa pedali, na pedali nyingine zilikuwa zikikwama. Wataalamu wa NASA walipochunguza kompyuta za magari hayo hawakupata kosa la umeme, na ripoti ikatolewa mwaka wa 2011. Lakini zulia na pedali vilikuwa makosa ya kweli, na mwaka wa 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu mambo hayo. Aprili 2024 Tesla nayo iliyaita magari 3,878 ya Cybertruck, kwa kuwa kifuniko cha pedali kiliweza kuchomoka na kunasa, pedali ikabaki chini. Kwa hiyo ami yako akisema "pedali ilikwama", usimcheke. Inama kwanza uangalie zulia.

Breki inayorudisha umeme

Kuna kisa cha tatu ambacho si cha mguu wala si cha kukwama. Gari la umeme, ukiinua mguu, hujipunguzia mwendo lenyewe, maana mota hugeuka kuwa jenereta na kuirudishia betri umeme. Dereva huzoea kuendesha kwa pedali moja, akiigusa breki mara chache tu. Sasa, betri ikiwa imejaa pomoni haina pa kuupokea umeme ule, na gari laweza kutopungua mwendo kama ulivyozoea. Vivyo hivyo tairi likiruka juu ya tuta au shimo, kompyuta huweza kuacha kuvuta kwa sekunde ndogo. Wewe uliyemo ndani huhisi kama gari limeongeza mbio, kumbe limeacha tu kujizuia. Mwaka wa 2010 Toyota iliita magari yapata 437,000 ya petroli na umeme duniani kote kurekebisha hali ya breki kubadilika ghafla namna hiyo.

Serikali ya Uchina nayo iliona kwamba mazoea ya pedali moja yanaweza kumfanya mtu asahau breki iko wapi. Mei 2023 ilitangaza kwamba magari ya Tesla yapatayo milioni 1.1 yarekebishwe, ili dereva aweze kuchagua nguvu ya kujizuia na aonywe akikandamiza pedali kwa muda mrefu.

Kobe akiwaka

Tuje kwenye Daraja la Nyali. Katika Nissan Leaf, taa ya kobe ina maana kwamba kompyuta imepunguza nguvu kwa makusudi, aghalabu kwa sababu chaji imekaribia kwisha au betri imepata joto jingi. Betri za Leaf za miaka ya nyuma hazina maji ya kuzipoza, na joto la pwani unalijua. Gari halikukufa, linajihurumia.

Lakini lipo zimiko lingine, la ghafla. Watu wengi hawajui kwamba gari la umeme lina betri mbili. Mbali na betri kubwa, mna ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, nayo ndiyo inayowasha kompyuta na swichi kubwa ya kufungulia umeme. Ndogo ikifa, kubwa hata ikijaa haifai kitu. Ni kama nyumba yenye ghala la mahindi, lakini ufunguo umepotea. Mwaka wa 2024 kampuni za Hyundai na Kia ziliita magari yao ya umeme kwa maelfu, kwa sababu kifaa kinachochaji betri hiyo ndogo kiliharibika na gari likapoteza nguvu njiani. Ford nayo, Juni 2022, iliita magari 48,924 ya Mustang Mach-E kwa sababu swichi zile kubwa zilipata joto kupita kiasi. Na sisi tunaokaa karibu na maji ya Tudor tunajua hewa ya chumvi inavyokula chuma. Vichwa vya betri vikishika kutu, usishangae gari likikataa kuwaka.

Na bodaboda je?

Wewe mwanafunzi unayepanda bodaboda ya umeme kwenda Mishomoroni au Kongowea, sikiliza nawe. Pikipiki isiyonguruma haikuambii kama imewashwa. Mtu akiisukuma kwa kushika mshikio wa mkono wa kulia, akausokota bila kujua, inaweza kumponyoka. Usipande kabla dereva hajakaa imara, na mtoto asiachwe kuchezea pikipiki iliyoegeshwa na ufunguo ndani.

Ufanyeje?

Kwanza, gari likichupa, inua miguu yote miwili, kisha kandamiza breki kwa nguvu zako zote, usiipampu. Gari likizidi kung'ang'ania, peleka gia kwenye herufi N. Usilizime kabla halijasimama, maana usukani utakuwa mzito.

Pili, likipoteza nguvu, washa taa za dharura na utoke kando ungali na mwendo. Breki ipo, ila yaweza kuwa nzito, kanyaga zaidi.

Tatu, usilivute kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka. Mota huzalisha umeme na kuharibu vifaa. Tafuta lori la kulibeba.

Nne, na hili uwaambie mafundi wa mtaani: nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe. Stima ya nyumbani ni volti 240. Katika magari mengi ya umeme nyaya zile hubeba zaidi ya 300, na haziulizi wewe ni fundi wa miaka mingapi.

Tano, kabla ya kununua, hesabu vijistari vya afya ya betri. Leaf mpya huwa na 12. Uliza pia kama gari liliwahi kuitwa na kiwanda na kama lilirekebishwa. Weka zulia moja tu miguuni, lililofungwa.

Sita, ami afanye mazoezi uwanjani, penye nafasi, kabla ya kuingia vichochoroni. Na kila gari linapogeuzwa, watoto waingie ndani, hata kama gari halina kelele. Hasa kama halina kelele.

Tukirudi kwa swali letu, ni mguu, ni mashine au ni jini? Jini mwachie kazi zake. Mara nyingi ni mguu, mara nyingine ni mashine, na mara zote ni mazoea ya zamani yaliyopandishwa katika chombo kipya. Ami asione haya kujifunza upya. Kibanda cha mama mboga kitajengwa tena kwa mbao na misumari, mtoto hajengwi.