Samaki tele, ukungu waja: Picha ya mvuvi aliyebanwa katikati

Ukiipitia haraka, utadhani siku ya huyu jamaa imejipa. Ndani ya mashua yake wamelala samaki wakubwa aina ya halibut, na hiyo ni pesa. Lakini hebu fuata macho yake. Kageuza shingo, anatazama mbali, na huko ndiko shida iliko: merikebu anayopaswa kuirudia ni kidoa tu kwenye upeo wa macho, na ukungu mzito umeanza kutanda.

Picha hii inaitwa The Fog Warning. Ilichorwa mwaka 1885 na Mmarekani Winslow Homer, na leo iko katika makavazi ya Museum of Fine Arts, Boston.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Merikebu za matanga zilienda hadi Grand Banks, karibu na Newfoundland, zikateremsha mashua ndogo za makasia. Mvuvi mmoja au wawili walijitenga mbali, wakatega mishipi, kisha wakarudi na mzigo. Simu hakuna, GPS hakuna. Ukungu ukishuka, merikebu ilipiga kengele au honi, nawe unaifuata sauti. Ukiikosa, basi tena: umebaki na baridi, njaa na maji ya chumvi.

Sasa ona jamaa alivyobanwa. Samaki wale ndio mshahara wake, na ndio uzito unaomchelewesha. Awatupe arudi mikono mitupu, au akaze makasia ashindane na ukungu? Homer hatupi jibu. Hakuchora dhoruba wala mtu anayezama. Alichora ile dakika ya kuamua, na ndiyo inayotisha.

Hakuwa akibahatisha. Kati ya 1881 na 1882 aliishi Cullercoats, kijiji cha wavuvi Uingereza, na mwaka 1883 akahamia Prouts Neck, pwani ya Maine.

Mwaka uo huo wa 1885 alichora nyingine, Lost on the Grand Banks: wavuvi wawili wamepotea, wanachungulia ukungu wakitafuta merikebu yao. Mnamo 1998 iliripotiwa kuwa bwanyenye Bill Gates aliinunua kwa zaidi ya dola milioni 30.

Na wavuvi wenyewe je? Kwa kawaida walipata fungu la mauzo ya samaki waliofika nchi kavu. Samaki aliyetupwa baharini hakulipiwa hata senti. Ndiyo maana yule jamaa bado hajawatupa.