MIZANI YA MIONZI NAYO HUKAGULIWA

Sisi wa Mbozi tunauza kahawa. Mizani ikidanganya, tumeibiwa! Kwa hiyo mkaguzi huleta mawe ya mizani, dogo na kubwa. Mizani inaweza kusema kweli kwenye kilo 50, ikadanganya kwenye kilo 1.

Mionzi ya eksirei haionekani. Ile dhaifu haisaidii picha, huishia mwilini bure. Kuna vipimo vyenye kipande cha silikoni. Mionzi ikikipiga, hutoa umeme kidogo.

Kipimo hicho nacho kina "mawe" yake. Chuma-55 hutoa mionzi dhaifu, ameriki-241 mikali zaidi. Kikikaguliwa kwa mikali tu, chaweza kusema "hakuna", kumbe ipo.

Nchini kwetu Tume ya Nguvu za Atomiki, Arusha, hukagua vipimo vya mionzi. Basi ndugu, tukiona kipimo chochote tuulize: kimekaguliwa lini?