Nafasi ya Mteja wa Umma katika Kupokelewa kwa Modeli ya Taarifa za Majengo Tanzania

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua watu zaidi ya 20. Serikali iliagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Ukaguzi wa namna hiyo huanza na swali moja: je, jengo lilivyo leo linalingana na michoro iliyoidhinishwa? Pale ambapo mabadiliko yalifanyika bila kuandikwa, mkaguzi hulazimika kupima upya kila nguzo. Makala hii inaeleza mbinu inayoweza kupunguza pengo hilo, yaani Modeli ya Taarifa za Majengo (BIM), na kubainisha kwamba kupokelewa kwake nchini kunamtegemea mteja wa umma kuliko kunavyomtegemea mhandisi.

Katika mchoro wa kawaida, nguzo ni mistari tu. Katika modeli, nguzo hiyo hubeba vipimo vyake, aina ya zege, kiasi cha nondo, gharama na tarehe ya kujengwa. Nguzo ikibadilishwa, michoro na makadirio yanayotokana na modeli hiyo hubadilika pamoja nayo. Aidha, bomba la maji likipangwa kupita ndani ya boriti, mgongano huo huonekana kabla zege halijamwagwa. Jengo likikamilika, mmiliki hukabidhiwa kumbukumbu inayoweza kuhuishwa kila ukarabati unapofanyika.

Sababu zinazotajwa mara nyingi kueleza kusuasua kwa mbinu hii ni bei ya programu na uhaba wa wataalamu. Sababu hizo zina uzito, hasa kwa makandarasi wa madaraja ya chini. Hata hivyo, hazitoshi. Wahandisi husajiliwa chini ya Sheria Na. 15 ya mwaka 1997, makandarasi chini ya Sheria Na. 17 ya mwaka huohuo, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Kila bodi husimamia taaluma yake, na kila mtaalamu huwajibika kwa nyaraka alizotia saini. Modeli ya pamoja huzua maswali ambayo mgawanyo huo haujibu wenyewe: nani anaimiliki, nani anaruhusiwa kuibadilisha, na nani atawajibika kosa likigundulika? Majibu yake hayana budi kuandikwa katika mkataba, na mkataba huandaliwa na mteja.

Mfumo wa Ununuzi wa Umma wa Kielektroniki (NeST), ulioanza kutumika mwaka 2023, umehamishia zabuni mtandaoni. Lakini kuwasilisha nyaraka kwa njia ya mtandao si sawa na kuwasilisha modeli. Mchoro uliopigwa picha na kupakiwa kwenye mfumo hubaki mchoro uleule. Nchini Uingereza, mkakati uliotangazwa mwaka 2011 uliifanya serikali, ikiwa mnunuzi, idai BIM katika miradi ya serikali kuu kuanzia mwaka 2016. Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, kilichoanza kuchapishwa mwaka 2018, nacho humtaka mteja aeleze kwanza taarifa anazozihitaji.

Hapo ndipo Mzumbe inapopata umuhimu. Chuo Kikuu Mzumbe hufundisha ununuzi, ugavi na usimamizi. Kwa hiyo huandaa maofisa watakaoandika nyaraka za zabuni. Papo hapo, chuo hicho ni mteja: kimo miongoni mwa taasisi zinazonufaika na Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425. Majengo yaliyo chini ya miteremko ya Uluguru, ambako maji ya masika hushuka kwa kasi, yatahitaji kumbukumbu sahihi za misingi na mifereji muda mrefu baada ya mkandarasi kuondoka.

Haidaiwi hapa kwamba modeli huzuia jengo kuporomoka. Usimamizi mbovu huweza kuharibu hata ubunifu bora. Kinachobainika ni kwamba taarifa isiyodaiwa na mteja haitunzwi na yeyote. Ofisa ununuzi asipojua kuidai, programu ya mhandisi itabaki kuwa chombo cha kuchorea tu.