Babu anasisitiza alimwona Mbaraka kwenye TV. Tumbishie?

Ilikuwa Jumapili jioni, sahani za pilau bado ziko mkekani, binamu yangu alipofungua simu na kuweka wimbo wa Morogoro Jazz. Babu yangu mzaa mama, ambaye asubuhi ile alikuwa ameniuliza mara tatu mimi ni mtoto wa nani, akaacha kuchezea kofia yake.

"Huyu nilimwona kwenye televisheni," akasema. "Mbaraka Mwinshehe. Kavaa suti, gitaa kalishika juu hapa."

Mama akamkatiza hapohapo. "Baba, televisheni ya wapi? Wakati ule hapakuwa na televisheni."

Babu akanyamaza. Baada ya muda kidogo akaomba apelekwe chumbani. Hakusema neno tena hadi kesho yake.

Kwa hesabu ya miaka, mama ana hoja. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa na miaka 34. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ITV ilipokuwa miongoni mwa vya kwanza kurusha matangazo. Zanzibar ndiyo iliyotangulia, tena kwa picha za rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulikuwa na redio. Bendi zilirekodi nyimbo Radio Tanzania Dar es Salaam, na shabiki aliyetaka kumwona mwimbaji kwa macho alilipa kiingilio ukumbini.

Ndiyo maana picha zinazotembea za bendi hizo katika enzi zao ni adimu sana. Nyingi za video tunazofungua leo kwenye simu ni picha moja tu iliyoganda, sauti ikiendelea chini yake. Babu anazitofautisha. Ikiwa imeganda, hutazama ukutani na kusikiliza. Ikiwa watu wanacheza kweli, husogea mpaka pua karibu iguse kioo.

Wapo aliowaona kwenye runinga kweli. Msondo na Sikinde, mahasimu wakubwa wa muziki wa dansi jijini, walikuwa bado jukwaani televisheni ilipofika. Mama anakumbuka alivyosimama dirishani kwa jirani, Temeke, watu wamejazana hadi uani, Muhidin Gurumo akiimba. Gurumo mwenyewe aliwahi kuimbia pande zote mbili, kwa hiyo ubishi wa pale dirishani haukuisha hata seti ilipozimwa. Usiku kama huo ulikuwa wa bahati. Hukujua bendi yako itaonyeshwa lini tena, na kwa familia nyingi hapakuwa na mashine ya kurekodi.

Kwa mtu mwenye dimensia, kumbukumbu za namna hiyo huweza kuchanganyika: dirisha la jirani la miaka ya 1990, sauti ya redio ya 1972, suti iliyoonekana ukumbini. Hasemi uongo. Matukio ya karibuni hupotea kwanza, kama vile amekula au hajala. Mambo ya ujana, hasa yale ya kati ya miaka 10 na 30 hivi, hukaa zaidi, na nyimbo tulizozizoea mara nyingi hudumu hata mengine yakififia.

Ninaandika habari za afya kila wiki na bado nyumbani kwetu tulifanya kosa ambalo ningemwonya msomaji. Kumsahihisha mgonjwa kuhusu mwaka au mahali hakumrudishii kumbukumbu. Kunamwachia aibu tu, na mtu mwenye aibu huacha kuzungumza.

Kama una mzazi wa namna hii, tafuta nyimbo za bendi aliyoipenda akiwa kijana, siyo unayoipenda wewe. Kaa naye, usimwachie simu na kwenda jikoni. Spika ya simu ni ndogo na masikio ya wazee ni mazito, kwa hiyo kama kuna spika ya nje, iunganishe. Usimpe mtihani wa "unamkumbuka huyu?" Muulize ukumbi ulikuwaje, alikwenda na nani. Akilia, si lazima uzime. Akianza kuhangaika au kukasirika, zima, mjaribu siku nyingine.

Na hili nalisisitiza: muziki si dawa ya dimensia. Tena usiseme "ni uzee tu" na kuishia hapo. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya thairoidi, sonona na hata baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu, na hayo yanatibika. Mpeleke akapimwe, na shinikizo la damu lipimwe pia. Sisi tulichelewa karibu mwaka mzima.

Jumapili iliyofuata binamu aliweka tena Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Babu akarudia palepale: alimwona kwenye televisheni. Shangazi akakumbusha kwamba Babu aliwahi kwenda Unguja kwa ndugu zake, nani ajuaye. Safari hii mama alisogeza kigoda.

"Suti ya rangi gani, Baba?"

"Nyeupe," akajibu, kisha akaeleza viatu, mkanda wa gitaa na mtu aliyemkanyaga mguu. Dakika 20 nzima. Bando likaisha wimbo ukiwa katikati, naye akaendelea kuuimba.