Weupe wa Sembe na Gharama ya Madini Chuma

Nyakato, eneo la viwanda la Mwanza ambako Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lina mtaa wake, liko katika soko ambalo unga wa mahindi huthaminiwa kwa weupe wake. Ili kupata sembe, msagaji hukoboa punje kwanza na kuondoa ganda lenye nyuzinyuzi nyingi, yaani kabohaidreti zisizomeng'enywa ambazo hulainisha choo na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, pamoja na kiini chenye mafuta na sehemu kubwa ya madini chuma. Sembe hukaa dukani muda mrefu kuliko dona, yaani unga usiokobolewa, ambayo mafuta ya kiini huiharibu mapema, na pumba huuzwa kuwa chakula cha mifugo, hivyo kukoboa humpa mwenye mashine bidhaa mbili za kuuza.

Hasara huonekana kwingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu, hali ambayo, mbali na ukosefu wa chuma, husababishwa pia na malaria, minyoo na, kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho.

Kanuni za serikali za 2011 ziliagiza chuma na vitamini ziongezwe katika unga wa ngano na wa mahindi. Vinu vikubwa vya ngano vilimudu, lakini mahindi husagwa katika maelfu ya mashine ndogo. Kwa hizo, shirika la Sanku limebuni njia yenye hesabu nzuri: huwapa wasagaji kifaa kinachopima na kutia kirutubishi chenyewe, hununua mifuko mitupu kwa jumla, huwauzia kwa bei ya soko, na tofauti ya bei hugharimia kirutubishi.

Hata hivyo, kuacha sembe na kurudia dona peke yake hakutoshi, kwa sababu asidi ya fitiki iliyomo hasa katika kiini huzuia mwili kufyonza chuma. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza, kwa unga usiokobolewa, aina ya chuma iliyofungamanishwa na kiambata kinachoikinga dhidi ya asidi hiyo. Dagaa wanaouzwa katika soko la Mwaloni Kirumba nao husaidia ufyonzwaji, ila viwanda vya chakula cha kuku huwagombea dagaa haohao, kwa fedha ambazo mama wa kipato kidogo hana.