Jazi, Roki na Santuri Adimu: Thamani ya Jina katika Muziki wa Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Mpenzi wa santuri adimu ana tabia ambayo wasiomwelewa huicheka. Kabla ya kuusikiliza muziki, husoma kwanza karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri: jina la mpigaji, jina la wimbo, kampuni, namba, na pengine lugha ya wimbo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tabia hiyo ni mwanzo wa utafiti. Hoja yetu ni kwamba santuri ni hati kama hati nyingine, na hati iliyopotewa na jina la mwenyewe huweza kumfaidi kila mtu isipokuwa yule aliyeitoa.

Mifano tutaichota katika nchi zinazoizunguka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, yaani Uvira na vijiji vyake kama Nyakabere, na Burundi iliyo ng'ambo. Aidha tutagusa Katanga na Tanzania, ambazo mwambao huu unahusiana nazo kwa njia ya maji na kwa lugha ya Kiswahili.

2.0 Neno "jazi" na safari yake

Mtu aliyezoea jazi ya Marekani akikutana kwa mara ya kwanza na santuri ya Morogoro Jazz huenda akaduwaa, kwani hatakuta humo muziki wa Louis Armstrong. Neno ni lile lile, lakini maana imehama.

Santuri inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya jazi ilirekodiwa New York mwaka 1917 na kikundi cha Original Dixieland Jass Band. Wapigaji wake walikuwa Wazungu, ilhali muziki wenyewe ulikuwa umelelewa na Wamarekani weusi wa New Orleans. Hivyo tangu siku ya kwanza, jina lililoandikwa juu ya santuri halikuwa jina la wenye mali.

Afrika Mashariki neno hilo lilipokewa mapema. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Western Jazz mwaka 1959. Katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Bendi hizi zilitumia magitaa, tarumbeta na saksafoni, na msingi wa muziki wao ulitoka zaidi katika Kuba kuliko Marekani. Santuri za Kuba zilizotolewa na kampuni ya HMV kwa herufi GV kuanzia mwaka 1933 zilienea Afrika na kuwa shule ya wapigaji wengi.

Twaweza basi kusema kwamba katika Kiswahili "jazi" iliacha kuwa jina la mtindo wa muziki ikawa jina la bendi ya kisasa yenye ala za kizungu. Ndiyo maana neno liliungana kwa urahisi na jina la mji: Morogoro Jazz, Tabora Jazz. Msomaji wa santuri asiyelijua badiliko hili atazipanga mahali pasipo pake.

Jambo jingine linalohitaji uangalifu ni umbo la santuri yenyewe. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilichukua takriban dakika tatu tu kila upande. Hata zilipokuja santuri za mizunguko 45, wimbo mrefu wa dansi mara nyingi uligawanywa: maneno ya wimbo upande wa kwanza, na upande wa pili sehemu ya kuchangamka, ambayo Wakongo huiita sebene na Watanzania chemko. Mara nyingi ni katika sehemu hiyo ya pili ndipo waimbaji huwataja wapigaji kwa majina. Anayenakili upande mmoja pekee amewapoteza watu, hata kama ameuhifadhi wimbo.

3.0 Jina lililohifadhiwa: Mwenda wa Bayeke

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi kijana mpiga gitaa katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, huko Katanga. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, na miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa ni "Masanga". Upigaji wake wa kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada ulizifanya sauti za gitaa moja zisikike kama za magitaa mawili yanayojibizana.

Santuri ilitoka ikiwa na jina lake, na matokeo yake ni makubwa. Wapiga gitaa wa Kenya walimjua ni nani wa kumwiga. Mtaalamu David Rycroft alichapa uchambuzi wa muziki wake, pamoja na nota, katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipanda jukwaani katika tamasha la Newport nchini Marekani. Hatusemi kwamba alilipwa kila alichostahili. Tunalosema ni kwamba msikilizaji wa mbali aliweza kumtafuta, akampata. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili faida ni zaidi, maana tunazo sauti za Kiswahili cha Katanga za miaka ya 1950 ambazo mwimbaji wake, mahali pake na mwaka wake vinajulikana.

4.0 Jina lililopotea: ngoma za Burundi katika roki

Mfano wa pili unatoka ng'ambo tu ya Uvira. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: chombo kipigwacho na ufalme wenyewe. Ngoma hizo zilikuwa alama ya mwami, na hazikupigwa ovyo. Katika upigaji wake, ngoma ya kati iitwayo inkiranya huongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushika mwendo usiobadilika. Na ibishikizo hufuata mapigo ya kiongozi. Kwa hiyo ni mazungumzo yenye mpango.

Ufalme wa Burundi ulifutwa Novemba 1966. Mwaka uliofuata Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hiyo, na mwaka 1968 kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikatoa santuri yenye kundi la wapiga ngoma ishirini na watano. Ilikuwa santuri ya wataalamu na wapenzi wachache. Lakini mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa aliichukua sauti ile ile, akaiongezea gitaa na kinanda, akaitoa kwa jina la "Burundi Black". Santuri hiyo iliuzika sana Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliziweka ngoma hizo chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Kuanzia mwaka 1980 vikundi vya roki vya Uingereza, kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow, vilijenga mtindo wao juu ya mdundo huo. Mwaka 1981 mhakiki Robert Palmer alieleza katika gazeti la New York Times kwamba wapiga ngoma wa Burundi hawakuwa wakigawiwa faida.

Tukiichunguza safari hii tutaona kwamba kilichosafiri ni kishindo. Jina la nchi lilibaki, likawa kama jina la rangi au manukato. Majina ya watu yalidondoka njiani, na pamoja nayo ile tofauti kati ya anayeongoza, anayeshika mwendo na anayefuata. Wapiga ngoma wa Burundi walianza kujirudishia haki walipokwenda wenyewe: mwaka 1982 walipiga katika tamasha la kwanza la WOMAD nchini Uingereza, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya miaka arobaini tangu kurekodiwa.

5.0 Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Mwambao wa Uvira una sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Hapo Kiswahili hukutana na Kifuliiru, Kivira na Kirundi, na bandari ya Kalundu huelekea Kigoma, Kalemie na Bujumbura. Nyimbo za nchi hizi huhifadhi matamshi na sarufi ambazo vitabu havikuzijali. Kiambishi cha batoto badala ya watoto, au cha bintu badala ya vitu, husikika katika Kiswahili cha Kongo. Lakini lini mwimbaji alikitumia, na lini alikiacha ili aeleweke Dar es Salaam au Nairobi? Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947 na kuhamia Dar es Salaam mwaka 1978, ni mfano mmoja wa waimbaji ambao lugha yao yafaa kufuatwa santuri baada ya santuri. Swali la namna hii halijibiki pasipo jina na mwaka.

Tena hati hizi ni dhaifu. Karatasi ya santuri haistahimili maji, na kaya inayokimbia haibebi santuri. Uvira ilipata vita mwaka 1996 na mafuriko makubwa Aprili 2020. Siku hizi nyimbo hupita kutoka simu hadi simu zikiwa zimevuliwa kila maelezo. Kwa hiyo, yeyote anayenakili santuri au kanda ya mzee wake, iwe Nyakabere au mjini, hana budi kuandika mambo haya: maneno yote yaliyo juu ya karatasi, pande zote mbili, kama yalivyo na makosa yake, namba zilizochongwa karibu na katikati, lugha ya wimbo, majina yanayotajwa ndani ya wimbo, na kauli ya mwenye santuri kuhusu alikoipata. Kazi hiyo haihitaji mashine. Yahitaji daftari, na mzee aliye hai wa kuulizwa.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba jina "jazi" laweza kumpoteza msikilizaji asiyeichunguza historia yake, kwamba jina la Mwenda lilimwezesha kutafutwa na kusomwa, na kwamba ngoma za Burundi ziliutajirisha muziki wa roki huku waliozipiga hawatajwi. Mapenzi ya santuri adimu yakikomea kwenye kumiliki, hayamfai ila mwenyewe. Yakiambatana na kuandika, yanakuwa huduma kwa lugha na kwa watu waliotangulia kuiimba.