Umeme Usiuzwe kwa Kibaba

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi wa Mei, na kila mwaka ifikapo Januari huanza ile hekaheka ambayo wazazi wa mkoa wetu wa Tanga wanaijua vyema, nayo ni kutafuta mwalimu wa tuisheni. Wa Historia hupatikana. Wa Kiswahili hupatikana hata kabla ya kutafutwa. Lakini mzazi ambaye mtoto wake amechukua Fizikia, na mtoto huyo akakwama katika mlango wa umeme na usumaku, huweza kuuzunguka mji kuanzia Ngamiani hadi Raskazoni asipate mtu, au akampata mtu ambaye bei yake haishikiki.

Hivi karibuni alifika ofisini kwetu mama mmoja, muuza mihogo, ambaye binti yake yumo katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Hakuja kuomba fedha. Alikuja kuuliza swali. Alisema amesikia kwamba Serikali imekwisha kufuta ada ya kidato cha tano na cha sita, jambo ambalo ni kweli, kwani lilitangazwa katika bajeti ya mwaka 2022. Sasa, akauliza, hii ninayodaiwa kila mwezi ni ya nini? Tulipomdadisi zaidi tukaelewa kwamba anayedai ni mwalimu yule yule anayemfundisha binti huyo asubuhi darasani. Asubuhi huandika kanuni ubaoni na kusema, "Haya mtayaelewa vizuri jioni." Jioni ni ya wenye kulipa.

Hatusemi kwamba tuisheni ni jambo ovu. Tunawafahamu walimu ambao huketi na wanafunzi hadi saa mbili za usiku na kurudi nyumbani kwa miguu, na kama mzazi akiwapa chochote wanakipokea kwa haya. Hao tunawavulia kofia. Aidha, mwalimu ni mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba, na jasho lake la baada ya saa za kazi ni haki yake. Tunalolikataa ni hili la kupunguza somo la asubuhi ili lipate kuuzwa jioni. Hilo halina tofauti na muuza duka aliyeficha sukari chini ya meza, na nchi hii imewahi kuwajua watu wa namna hiyo na kuwapa majina yao.

Binti tulimwita, akaja na daftari lake. Na hapa yafaa tukiri kwamba tulitegemea kuona uvivu, tukaona kitu kingine. Hesabu zake zilikuwa safi. Kulikuwa na swali la koili yenye mizunguko 200, eneo lake mita za mraba 0.01, iliyowekwa katika uga wa sumaku wa tesla 0.5, kisha uga huo ukatoweka kwa muda wa sekunde 0.1. Alizidisha, akagawanya, akapata volti 10, na jibu ni sahihi kabisa. Tukamwuliza, je, umeme huo unatoka wapi? Kimya. Tukamwuliza, je, kama sumaku ingeachwa mle ndani ya koili mwaka mzima bila ya kutikiswa, ungepatikana umeme kiasi gani? Akafikiri, akasema utakuwa mwingi sana, kwa kuwa mwaka ni muda mrefu.

Jibu ni kwamba usingepatikana hata chembe. Lakini kabla ya kumcheka mtoto wa watu, msomaji na akumbuke kwamba kosa hilo lilimchelewesha hata Michael Faraday mwenyewe. Tangu mwaka 1820, Ørsted wa Denmark alipoonyesha kwamba waya wenye mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira, wataalamu wa Ulaya walitaka kufanya kinyume chake, yaani kutoa umeme katika sumaku. Faraday alijaribu mara kadhaa katika miaka iliyofuata, akaambulia patupu. Ilikuwa Agosti 1831 alipozungusha waya mbili katika pete moja ya chuma na kuona kwamba sindano ya kipimo chake huruka kidogo pale tu anapounganisha betri na pale anapoitenga. Katikati ya hapo hutulia. Oktoba ya mwaka huo akaitia sumaku ndani ya koili na kuitoa, sindano ikaruka tena. Siri yote ilikuwa katika badiliko. Sumaku iliyolala haizai umeme, ni sumaku inayokwenda na kurudi.

Na Faraday huyu hakuwa mtoto wa tajiri. Baba yake alikuwa mhunzi, naye mwenyewe alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Alipotaka kusikiliza mihadhara ya sayansi ya jioni mjini London, kiingilio kilikuwa shilingi moja kwa kila mhadhara, na shilingi hiyo ilitolewa na kaka yake. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka la vitabu akampa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy. Twaweza kusema kwamba mitambo yote ya umeme duniani inadaiwa shilingi za kaka na tiketi za mteja. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaotuambia kwamba asiye na fedha asisome Fizikia.

Tukirudi kwa binti yetu. Tulimpeleka kwa mzee mmoja fundi wa kusuka mota, ambaye shule yake iliishia darasa la saba. Mzee hakuwa na ubao. Alikuwa na baiskeli ya zamani yenye dainamo pembeni ya gurudumu. Akaipindua, akamwambia binti azungushe pedeli kwa mkono huku waya wa taa umetolewa. Gurudumu likaenda kwa wepesi. Kisha akaunganisha waya, taa ikawaka, na binti akasema mwenyewe, bila ya kuulizwa, "Mbona imekuwa nzito?"

Katika neno hilo moja imo kanuni ya Lenz, ambayo wanafunzi huikariri kwa Kiingereza kama dua wasiyoijua maana. Mkondo unaozaliwa hulipinga lile badiliko lililouzaa. Ndiyo sababu taa ikiwaka mguu huchoka, kwani mwanga ule umelipiwa na mguu. Laiti mkondo ungesaidia badala ya kupinga, gurudumu lingejizungusha lenyewe na tungepata umeme wa bure, kitu ambacho hakijapata kuonekana duniani. Binti alifungua daftari akaitazama ile alama ya kutoa iliyo mbele ya kanuni, alama ambayo kwa mwaka mzima alidhani ni pambo, akaandika pembeni yake: "uzito wa pedeli".

Hapa pana suala la lugha, na hatuwezi kulipita. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akaingia katika Kiingereza kama mtu aliyetumbukizwa Bahari ya Hindi usiku. Afikapo kidato cha sita huwa ameshajua maneno, lakini mengi ni magamba yasiyo na yai. Wataalamu wa TUKI walitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na humo mwalimu anayetaka kufafanua kwa lugha ya nyumbani angepata pa kuanzia. Mtihani na ubaki kwa lugha uliyowekewa, hatubishani leo juu ya hilo, bali kuelewa hakuna amri ya kuelewa kwa Kiingereza tu. Mzee wa mota alieleza kila kitu kwa Kiswahili cha Ngamiani na hakuna kilichopungua.

Basi msaada utafutwe wapi? Kwanza ni shuleni penyewe. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kupelekwa shule ya Serikali tunakumbuka kwamba maalimu hakuweza kumsikiliza kila mtoto. Aliyekwisha kuhitimu juzuu alikaa mkekani na aliye nyuma yake, akamsahihisha, na kwa kumsahihisha akazidi kushika yeye mwenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyeielewa koili amfundishe mwenzake saa moja kila Jumamosi. Tumeona kwamba anayelazimika kueleza ndiye hugundua kwanza kuwa hajui tofauti ya kanuni ya mkono wa kushoto, ambayo ni ya mota, na ile ya mkono wa kulia, ambayo ni ya jenereta. Hapo ndipo wengi hupoteza alama, maana hugeuza mikono katika chumba cha mtihani kama waamuzi wa mpira.

Pili, mkoa huu una vyuo vya ufundi na wahandisi. Kituo cha umeme cha Hale, ambacho mitambo yake imo chini ya ardhi, kilianza mwaka 1964 na kilijengwa kwa uwezo wa megawati 21. Kile kipya cha Pangani kilifuata mwaka 1995 kwa megawati 68. Tangu mwaka 2010 waya umepita chini ya bahari kutoka mwambao huu wa Tanga kupeleka umeme Pemba. Ni mambo yale yale ya daftari, sumaku na koili, isipokuwa yamekuzwa yakawa na ukubwa wa nyumba na kusukumwa na mto. Hata hivyo tumekutana na wanafunzi wa Fizikia waliopita Hale kwa basi mara kumi na hawakupata kuambiwa kuna nini chini yao. Safari ya siku moja kwa lori la shule ingetosha, na mhandisi mstaafu anayecheza bao jioni hatakataa akiombwa kwa heshima. Tulimwomba mmoja. Aliuliza tu aje na miwani yake au mtasoma wenyewe.

Kwa mzazi ambaye lazima alipe, tunampa kipimo kimoja. Mwambie huyo mwalimu amfanyie mtoto swali moja mbele yako, kisha amwulize mtoto kwa nini. Akiwa mwalimu ni wa kutoa majibu ya mitihani iliyopita na kusema "kariri hili", shika fedha yako ukanunue betri, waya na dira ndogo.

Na kwa wakuu wa shule tunasema kwamba anayeuza jioni alichoajiriwa kukitoa asubuhi mnamjua. Wanafunzi wanamjua. Kamati za shule na ziulize, tena kwa maandishi.

Jumamosi sasa wanakutana vijana tisa katika ofisi ya tawi, saa nne asubuhi, chini ya mzee wa mota na yule mhandisi, ambao wamekwisha kugombana mara mbili juu ya namna ya kuchora uga wa sumaku. Yule binti ndiye huandika mahudhurio. Kinachokosekana ni galvanometa, kwani iliyoazimwa shuleni sindano yake imekatika, na bila ya hiyo zoezi la waya wa mita moja wa kupimia ukinzani haliwezi kufanyika. Mwenye nayo, hata ikiwa ya zamani, ailete ofisini. Itarudishwa mwezi wa Juni.